Piga hesabu kabla hujachomeka

Nyumba zetu nyingi zilifungwa nyaya kwa ajili ya taa, redio na televisheni. Sasa tunazitaka zipike.

Hapo ndipo penye hatari.

Taa ya kisasa ya wati 9, kwenye umeme wa volti 230, inavuta mkondo wa ampea 0.04 tu. Televisheni ya wati 100 haifiki hata nusu ampea. Jiko la umeme la sahani mbili lenye wati 2,000 linavuta ampea 8.7. Hizo ni zaidi ya mara mia mbili ya ile taa, na zinapita kwenye ukuta uleule, maungio yaleyale, mara nyingi waya uleule uliopitishwa miaka mingi nyuma na fundi ambaye hakuambiwa kuwa siku moja mtu atapika hapo.

Na wanaopikia umeme wanaongezeka. Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kenya nako shirika la umeme limekuwa likiwahimiza wateja wapikie umeme kupitia kampeni ya Pika na Power. Ni jambo jema. Moshi wa kuni na mkaa unaua watu, na wanaoathirika zaidi ni akina mama na watoto wanaoshinda jikoni. Jiko la umeme silipingi. Ninachopinga ni jiko la umeme kuchomekwa kwenye waya wa taa.

Hesabu ya kujua kama waya wako utaweza ni fupi. Wengi tuliifanya sekondari, tukaiacha kwenye chumba cha mtihani. Mpaka leo kuna mwanafunzi anayeipatia vizuri kwenye karatasi, kisha anarudi kulala kwenye chumba ambacho soketi yake imeshaungua ikawa ya kahawia.

Namba ni mbili tu. Volti na ampea.

Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu inayotumika. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu, yaani ukinzani, kile kipimo cha jinsi njia inavyouzuia umeme. Mambo ya ukinzani aliyachapisha Georg Ohm, mwalimu wa shule wa Ujerumani, mwaka 1827. Mwaka 1841 James Joule wa Uingereza akachapisha jambo la pili, nalo ndilo linalounguza nyumba: joto linalozalishwa ndani ya waya ni mkondo uzidishwe kwa wenyewe, kisha uzidishwe kwa ukinzani.

Mkondo uzidishwe kwa wenyewe.

Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linapanda mara nne. Ukiuongeza mara tatu, joto linapanda mara tisa. Watu wanadhani kuchomeka kitu kimoja zaidi ni kuongeza kidogo. Si kidogo.

Anza na ekstensheni, kwa kuwa ipo karibu kila nyumba. Ile nyeupe ya matundu sita. Kila tundu limeandikwa 13A, na mnunuzi anaona matundu sita anadhani amepata ampea 78. Hajapata. Matundu yote sita yanalishwa na plagi moja, na plagi moja mwisho wake ni ampea 13. Hizo 13 nazo ni pale tu waya wake unapoziweza. Soma maandishi ubavuni mwa waya. Nyingi zimeandikwa 0.75, maana yake milimita mraba 0.75 za shaba. Waya wa unene huo umekusudiwa ampea 6. Nyingine hazikuandikwa kitu chochote, na hizo usizinunue.

Sasa chomeka humo jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, jiko la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200. Jumla ni wati 5,200. Gawanya kwa volti 230. Ampea 22.6.

Waya wa ampea 6 umebebeshwa karibu mara nne ya uwezo wake. Joto limepanda mara kumi na nne.

Tulitazame joto hilo kwa wati. Ekstensheni ya mita 5 ya waya wa 0.75 ina ukinzani wa omu 0.26 hivi, kwenda na kurudi. Ikibeba ampea 6 zake inapoteza wati 9, joto ambalo mkono hauwezi hata kulihisi vizuri. Ikibeba 22.6, zidisha 22.6 kwa 22.6 kwa 0.26: wati 133 zinachemkia ndani ya kamba ya plastiki. Ikiwa imenyooshwa hewani, itakuwa ya moto mno kushikika. Ikiwa imeviringishwa, au imepitishwa chini ya zulia, au nyuma ya godoro, joto halina pa kutokea. Plastiki ya kawaida inayofunika nyaya imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Ikizidishiwa, inalainika, inakakamaa, inapasuka. Shaba mbili zinagusana. Inapiga shoti, na kilicho karibu na hapo ni zulia au godoro.

Na hapo nimehesabu shaba halisi. Sokoni zimejaa nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, zinauzwa kwa jina la shaba. Kwa unene uleule, ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba. Kwa hiyo joto nalo ni zaidi ya mara moja na nusu, kwa mkondo uleule. Kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, si shaba. Upitishie sumaku, ukinasa, ndani kuna chuma. Waya wa namna hiyo usiupeleke jikoni, hata muuzaji akuhakikishie vipi.

Utasema: fyuzi itakatika.

Usiitegemee. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi zetu za pini tatu imetengenezwa ivumilie mara 1.6 ya namba yake bila kukatika. Hizo ni karibu ampea 21, saa baada ya saa. Ili ikatike ndani ya nusu saa, inahitaji kufikia karibu mara 1.9, yaani ampea 25 hivi. Zile ampea 22.6 za ekstensheni yetu zipo katikati. Huenda fyuzi ikakatika, huenda isikatike mpaka chakula kiive. Fyuzi hailindi ekstensheni ya waya mwembamba. Inalinda dhidi ya shoti, na dhidi ya kuzidisha kupita kiasi. Eneo la katikati ni lako wewe na hesabu yako.

Kuna wanaotoa fyuzi iliyokatika na kuweka karatasi ya sigara, kipande cha waya, au msumari. Msumari haukatiki. Kitakachokatika ni waya, ndani ya ukuta, usiku.

Breka nayo ina kiasi chake. Breka ya ampea 32 inaruhusiwa na viwango kubeba mpaka mara 1.45 ya namba yake kwa karibu saa nzima kabla ya kuzima. Ampea 46. Haina ubovu ikifanya hivyo. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili isizime ovyo kila mota inapoanza. Kwa sababu hiyo breka lazima iwe ndogo kuliko uwezo wa waya inaoulinda. Waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa, unalindwa kwa breka ya ampea 10, au isiyozidi 16. Waya wa 2.5, wa soketi, kwa breka ya 20.

Hapa ndipo linapofanyika kosa baya kuliko yote niliyoyataja. Breka ya 20 inazima kila mama akichomeka jiko. Familia inachoka. Anaitwa fundi. Fundi anaitoa breka ya 20, anafunga ya 32 au ya 40. Umeme hauzimi tena. Anashukuriwa, analipwa, anaondoka.

Waya haukubadilishwa.

Breka inayozima kila mara unapopika haikuharibika. Imepima mkondo, imeuona umezidi, imekata. Ukiibadilisha kwa kubwa zaidi bila kubadilisha waya, umeondoa kilichokuwa kinazuia nyumba isiungue. Fundi anayefanya hivyo anajua anachofanya, au hajui kazi yake. Kwa mwenye nyumba matokeo ni yaleyale.

Lakini ipo hatari ambayo breka haiioni kabisa, hata ikiwa sahihi. Ungio lililolegea.

Skrubu ya soketi ambayo haikukazwa. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu juu ya dari. Plagi inayocheza kwenye tundu. Mahali hapo shaba inagusana na shaba kwa ncha ndogo tu, na ukinzani unapanda mahali pamoja. Mkondo unaopita ni wa kawaida, ampea 8, na breka haina sababu ya kuzima. Joto linakusanyika kwenye eneo dogo kuliko ncha ya kidole.

Hili unaweza kulipima mwenyewe, bila kufungua kitu chochote. Nyumba nyingi zina kile kifaa cha kulindia friji chenye kioo kinachoonyesha volti. Kichomeke kwenye soketi ya jikoni, ile yenye matundu mawili, na uzime vitu vikubwa vyote ndani ya nyumba. Soma namba. Tuseme 231. Kwenye tundu la pili la soketi hiyohiyo chomeka jagi la wati 2,000 lenye maji, liwashe, soma tena. Tuseme 219.

Volti 12 zimepotea. Zimepotelea njiani, kati ya nguzo na soketi yako, na kila volti iliyopotea njiani imegeuka joto.

Sasa hesabu. Jagi la wati 2,000 lililoandikiwa volti 230 lina ukinzani wa omu 26.5, unaupata kwa kuzidisha 230 kwa 230, kisha kugawanya kwa 2,000. Likipewa volti 219, linavuta ampea 8.3. Gawanya volti 12 zilizopotea kwa ampea 8.3, unapata omu 1.45, ukinzani wa njia nzima. Zidisha 12 kwa 8.3, unapata wati 100. Wati 100 zinapasha kitu mahali ambapo huoni.

Ni wapi? Hamisha majaribio yaleyale kwenye soketi iliyo karibu kabisa na mita. Tuseme hapo jagi linashusha volti 3 tu. Basi volti 9 zinapotea ndani ya nyumba, kati ya mita na jikoni. Tisa mara 8.3 ni wati 75. Waya mzuri wa shaba wa 2.5, mita 15 kwenda na 15 kurudi, una ukinzani wa omu 0.22 na ungepoteza wati 15. Zitoe. Zinabaki 60, na hizo hazina maelezo mengine isipokuwa ungio bovu, au waya ambao si ule ulioambiwa kuwa umefungwa. Kifaa cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kina wati 40, na kinayeyusha.

Sasa ziweke hizo wati 60 nyuma ya soketi ya plastiki, kwenye kisanduku kilichofungwa.

Kisha tatizo linajikuza. Joto linaifanya shaba iote kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Ungio lililopoteza volti 3 mwaka huu linaweza kupoteza 9 mwaka ujao. Jiko litaendelea kuwaka. Pengine utaona tu kwamba maharage yanachelewa kuiva, na taa zinafifia jagi likiwashwa. Halafu soketi inabadilika rangi. Halafu harufu: plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki siku ambayo hukupika samaki. Ukifika hapo usiseme utamwita fundi mwisho wa mwezi. Zima breka ya mstari huo leo, na ibaki imezimwa.

Niseme na kuhusu maji ya moto, kwa sababu hapo mkondo ni mkubwa kuliko jikoni na mtu yuko mtupu, ameloa.

Hita ya kuogea, ile ya kufungwa kwenye bomba la mvua, mara nyingi imeandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Zidisha 220 kwa 220, gawanya kwa 5,500: ukinzani wake ni omu 8.8. Ipeleke kwenye nyumba yenye volti 240, ambayo ndiyo volteji rasmi ya Kenya. Gawanya 240 kwa 8.8. Inavuta ampea 27, na wati zake zimepanda hadi 6,500. Maandishi yanasema 5,500. Ukuta wako unabeba 6,500. Hita hiyo inataka waya wake yenyewe, wa milimita mraba 4 kwa uchache na 6 kwa usalama, kutoka kwenye ubao wa breka moja kwa moja. Kwingi imeunganishwa kwenye waya wa taa ya bafuni. Waya wa 1.5. Ampea 27.

Na mwili wa binadamu nao una ukinzani. Ngozi kavu inaweza kufikia maelfu mengi ya omu. Ngozi iliyoloa inashuka hadi omu 1,000 hivi. Volti 230 gawanya kwa 1,000: ampea 0.23. Kiasi hicho kinatosha kabisa kusimamisha moyo. Fyuzi ya ampea 13 haijui kama kuna kitu kimetokea. Breka ya 20 haijui. Kwao ampea 0.23 ni kama taa ya zamani ya wati 53 iliyowashwa.

Waya wa ardhini peke yake hautoshi. Tuseme fimbo ya ardhini ya nyumba yako imechimbiwa kwenye mchanga mkavu na ina ukinzani wa omu 50. Waya wa umeme ukigusa bati la jiko, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 gawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Fyuzi ya 13 inakaa kimya. Bati la jiko linabaki na umeme, likisubiri mtu aliyeloa mikono. Kinachookoa hapo ni kile kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD, kinachokata mara tu ampea 0.03 zinapovujia nje ya njia yake. Kina kitufe cha majaribio. Kibonyeze, kisipozima, hakifanyi kazi. Nyumba yenye hita ya kuogea na haina RCD isitumie hiyo hita.

Wenye nyumba za kupangisha, hili linawahusu kuliko wote. Vyumba sita, mita moja, waya mmoja wa 2.5 unaozunguka kutoka chumba hadi chumba. Zamani kila mpangaji alikuwa na taa, redio na chaji ya simu. Mwaka huu kila mmoja ananunua sufuria la presha la umeme la wati 1,000, na ni haki yake. Saa moja jioni wote sita wanapika. Wati 6,000. Ampea 26 kwenye waya uliowekewa breka ya 20, bila kuhesabu pasi, bila jagi, bila friji ya dukani pale mbele. Kuwakataza wapangaji wasipike kutawarudisha kwenye mkaa ndani ya chumba, na mkaa unaua kwa gesi yake. Tandaza nyaya mpya. Gharama ya kugawa nyumba kwenye mistari mitatu, kila mmoja na breka yake, huwezi kuilinganisha na nyumba yenye watu sita na watoto wao.

Hesabu hii ni sahihi kwa vitu vya kupasha moto: jiko, jagi, pasi, hita. Friji, pampu na kiyoyozi vina mota, na mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Kwa hiyo ukijumlisha, usijaze mpaka ukingoni. Acha nafasi.

Basi fanya haya, na uyafanye wiki hii.

Geuza kila kifaa cha jikoni, soma wati zake chini au mgongoni. Gawanya kwa 230, au kwa 240 ukiwa Kenya. Andika ampea zake kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, kibandike juu ya soketi. Jumlisha vinavyowaka pamoja. Soketi moja isipite 13, hata kama ina matundu mawili. Kama jumla imezidi, washa kimoja, kikimaliza washa kingine. Hiyo haina gharama yoyote na inaondoa sehemu kubwa ya hatari jioni hiihii.

Toa kwenye ekstensheni kila kinachopasha moto. Kila kimoja, bila kuacha. Ekstensheni ni ya simu, televisheni na kompyuta.

Fanya yale majaribio ya volti kwa soketi zote unazopikia. Kama jagi moja linashusha zaidi ya volti 10, au soketi moja inashusha zaidi sana kuliko jirani yake, acha kuitumia mpaka ifunguliwe. Usiifungue mwenyewe. Ukimaliza kupika, zima swichi, shika mgongo wa plagi. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, ungio la ndani limeharibika, na kubadilisha plagi peke yake hakutoshi kama soketi yenyewe imelegea.

Ita fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni hizo zinatolewa na EWURA, Kenya zinatolewa na EPRA, na fundi halali haoni aibu kukuonyesha ya kwake. Muulize unene wa waya unaokwenda jikoni. Muulize ni breka ya ngapi inaulinda. Muulize kama kuna RCD, na akibonyeze kitufe ukiwa umesimama hapo. Fundi anayejibu kwa namba, mwache afanye kazi. Anayejibu kwamba haina shida, mwambie asante na umtafute mwingine.

Na mtu akikuambia suluhisho ni breka kubwa zaidi, muulize kwanza waya ni wa ngapi.

Ukiona moshi au cheche, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moto. Usimwage maji kwenye kitu ambacho bado kina umeme. Toa watu nje kwanza, mali baadaye. Tanzania, namba ya Zimamoto ni 114. Iandike ukutani karibu na mita, kwa herufi ambazo mtoto anaweza kuzisoma.

Kisha nenda jikoni sasa, ugeuze jiko lako, usome limeandikwa wati ngapi.